Nitamwelezaje baba kwamba kura yangu ni ya "Baba"?

MUULIZE SOMO (Julai 2022)

Shikamoo Somo,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Nakuru. Nina miaka 36, sijaolewa, na nina mtoto mmoja aliye gredi ya tano. Nyumbani ni Kinangop, juu kidogo ya Engineer, na huko ndiko nilikojiandikisha kupiga kura tangu 2007. Sijawahi kuhamisha kura yangu kuja mjini. Kila uchaguzi ni kisingizio changu cha kwenda kumwona cucu, nyanya yangu.

Mwezi uliopita, Juni 2022, msafara wa kampeni wa Azimio, muungano wa Raila Odinga, yule tunayemwita "Baba", ulipita mjini. Nilienda na wenzangu wawili, tukapewa fulana, tukazivaa juu ya sweta, tukapiga picha. Niliiweka kwenye status ya WhatsApp kwa saa mbili hivi, kisha moyo ukanisuta, nikaitoa. Saa mbili zilitosha. Kaka yangu mkubwa alikuwa ameshaichukua na kuituma kwenye kundi la familia, chini yake ameandika: "Mwalimu ameuzwa." Nikajibu. Akajibu. Dada wa mjomba akaingilia. Kufikia jioni kaka alikuwa amenitoa kwenye kundi, kwa kuwa yeye ndiye admini. Kundi hilo ndilo tunalochangia dawa za cucu, kwa hivyo sasa natuma pesa bila kujua kama zimefika.

Baba hakuandika kitu. Siku ya tatu alinipigia simu. Aliniuliza kama nimekula, akauliza mtoto anasoma vipi, akaniambia ng'ombe mwekundu amezaa. Nilipodhani anaaga, akasema, "Mwalimu, njoo nyumbani unieleze." Nikamuuliza nieleze nini. Akasema, "Wewe njoo unieleze. Si ulisoma?" Akakata.

Somo, baba ana miaka 71. Analima viazi, na kofia ya njano ya UDA, chama cha William Ruto, haimtoki kichwani hata akiwa zizini. Kwake mambo ni rahisi. Uhuru Kenyatta alikuja huku akatuambia miaka kumi ya urais ni yake, kumi ya Ruto, nasi tukainua mikono, na deni ni deni. Mbolea ya gunia la kilo 50 imepita shilingi 6,000. Unga wa kilo mbili umepita 200. Yote hayo anayapeleka kwenye handisheki ya Machi 2018, Uhuru na Raila walipopatana. Na Raila kwake ni yule yule wa 2007, wa uchaguzi ulioishia kwa damu.

Nimeketi nikaandika sababu zangu ili nisibabaike mbele yake. Ya kwanza ni zile shilingi 6,000 kila mwezi ambazo Raila ameahidi familia zisizojiweza. Ya pili ni matibabu, ule mpango wanaouita Babacare. Ya tatu ni vita dhidi ya ufisadi. Ya nne, Raila alifungwa kizuizini miaka mingi ili mimi na baba tuweze hata kubishana hivi. Ya tano, handisheki ilituletea utulivu, maana 2017 tulipiga kura ya urais mara mbili, na ile ya pili hapa Nakuru hatukulala. Ya sita ni hiyo 2007 yenyewe. Mazungumzo ya amani ya hoteli ya Serena mwaka 2008, mbele ya Kofi Annan, Martha Karua ndiye aliyekaa upande wa Rais Kibaki kututetea, na Ruto alikuwa ng'ambo ya meza pamoja na watu wa ODM, chama cha Raila. Sasa kati yangu na baba ni nani aliyesahau?

Karua mwenyewe nampenda pia. Siku alipotangazwa kuwa mgombea mwenza wa Raila, tarehe 16 Mei, tulikuwa chumba cha walimu na simu moja imeegemezwa kwenye chupa ya chai. Niliinuka nikaenda kujifungia chooni nikalia, hata wenzangu wakadhani nimefiwa. Sijui kwa nini nilikumbuka siku ya vigingi, mwaka 2019, nilipowapikia chai wapimaji waliokuja kugawa shamba la baba vipande vitatu vya ndugu zangu watatu. Hati yenyewe bado ni moja, iko kwenye sanduku la mama kwa jina la baba. Lakini hayo ni ya kando, tuyaache.

Mama ananiambia nimdanganye tu. "Mwambie unampigia wa huku kwetu. Ukishaingia pale ni wewe na Mungu." Siwezi kumdanganya baba. Na nikinyamaza itakuwa kama nimekiri kosa. Mama pia ameniambia kwamba mdahalo wa wagombea wenza, ule wa tarehe 19 Julai, baba aliutazama hadi mwisho, akaenda kulala bila kusema neno. Sijui hilo lina maana gani.

Nitapanda Kinangop Jumamosi ya tarehe 30 Julai. Nimweleze vipi bila kumpoteza? Na jambo lingine dogo: kaka anasema siku ya kura atamsaidia cucu kuweka alama kwa kuwa macho yake hayaoni, na atawasaidia pia wazee wawili majirani. Hilo linaruhusiwa?

Binti wa Kinangop, Nakuru

* * *

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama ulivyotaka isomwe, sababu moja hadi sita. Mara ya pili nilianzia pale ulipoandika "tuyaache". Mtu akiniambia tuyaache, mimi ndipo huvuta kiti.

Nianze na cucu kwa sababu ni jambo fupi. Mpiga kura asiyeona anaruhusiwa kusaidiwa na mtu anayemchagua yeye mwenyewe, na msaidizi huyo akishamsaidia mmoja hawezi kumsaidia mwingine katika uchaguzi huo. Kaka yako hawezi kuwapanga wazee watatu kama mbuzi wa mnada. Cucu akisema anamtaka mjukuu wake mwalimu, ni wewe utakayeingia naye, na utaweka alama pale atakapokuambia, si pale unapopenda wewe. Akikosa mtu wake, msimamizi wa kituo humsaidia mbele ya mawakala. Muulize cucu mwenyewe. Nadhani hakuna aliyemuuliza.

Sasa baba.

Mwaka 1988 mimi nilikuwa mke mchanga hapa Mombasa. Chama kilikuwa kimoja, jogoo wa KANU, na kwenye mchujo wa wabunge hapakuwa na karatasi wala pazia. Ulikuwa mlolongo: unapanga foleni nyuma ya picha ya mgombea wako mchana kweupe. Mume wangu alisimama foleni ile, mimi nikasimama hii, na mama mkwe alikuwa amekaa chini ya mwembe akitutazama sote wawili. Niliporudi nyumbani hakuna aliyeniuliza sababu yangu. Niliulizwa ni nani aliyenilea. Na ajabu ni kwamba mwenye foleni ndefu siye kila mara aliyetangazwa mshindi, kwa hivyo wengine tuligombana na wakwe zetu bure. Ilipofika Desemba 1992 tukapewa karatasi ya siri, nilikaa pale nyuma ya pazia mpaka karani akakohoa.

Nakuambia haya ili ujue kitu unachokwenda nacho Kinangop. Kura ya siri ni haki yako kwenye Katiba, kifungu cha 38, na wala haitegemei baba awe na hasira au furaha. Hana haki ya kujua. Kaka hana. Mimi sina. Mama yako amelielewa hili vizuri kuliko wengi, ingawa amelifunga ndani ya uongo. Kwa hiyo njia ipo ya kumwambia baba kwa heshima, "Baba, hiyo niachie mwenyewe," ukanywa chai, ukarudi Nakuru, na usiwe umemkosea mtu.

Lakini yeye hakukuuliza unampigia nani. Picha alishaiona. Alikuambia "njoo unieleze", akaongeza, "si ulisoma?" Wewe umeisikia kama shutuma. Mimi niliposoma nimemsikia mzee wa miaka 71 aliyezungukwa na wana watatu wenye kofia kama yake, akimwita yule mmoja anayedhani atamwambia kitu asichokijua. Hao wana hakuwaita wamweleze, maana kofia moja haina la kuelezwa. Wewe umeitwa kwa simu, tena baada ya habari ya ng'ombe aliyezaa. Sidhani mtu anayetaka kukukana huanza na ndama.

Ndiyo maana ile karatasi yako ya sababu sita nakuomba uiache mezani Nakuru.

Si kwamba ni za uongo. Ni za kila mtu. Hizo 6,000 zimetangazwa uwanja wa Nyayo, na upande wa baba ukaenda Kasarani ukatangaza Mfuko wa Hasla wa bilioni 50. Ukimwekea yako atakuwekea yake. Yeye anasikiliza redio tangu saa kumi na moja alfajiri akikamua, wewe saa hizo unatafuta soksi za mtoto. Kwenye mashindano ya manifesto atakushinda kwa muda wa mazoezi tu. Na akikuuliza hizo 6,000 zitatoka wapi, utajibu nini? Basi naye ukimuuliza hizo bilioni 50 zitatoka wapi, mtakuwa wawili msiojua, mnapigiana kelele mbele ya mtoto.

Ile ya Serena ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi, kwa sababu ni kweli na ina makali. Ndiyo, Karua aliongoza upande wa Kibaki. Ndiyo, Ruto alikuwa na ODM pamoja na Mudavadi, Orengo na Sally Kosgei. Ila hata wewe hiyo kweli haikusimamii vizuri, kwa sababu aliyekuwa kinara wa ODM wakati huo ni huyo huyo unayemvalia fulana. Baba atakuambia, "Basi wote walikuwa wake, na sasa mmoja ametubu." Utabaki hapo. Mambo ya 2007 na 2008 huko kwenu yana makaburi ndani yake, hayafai kutumika kama karata.

Halafu kuna swali nitakalokuuliza mimi kabla baba hajakuuliza. Umeandika kwamba Karua "nampenda pia", hiyo "pia" ikiwa imekaa kama mtu aliyechelewa harusini. Kama unalolitaka ni kumwona mwanamke kwenye tiketi, mwaka huu tiketi nne za urais zina wagombea wenza watatu wanawake. Wajackoyah ana Justina Wamae, Mwaure ana Ruth Mutua. Na wale wa nne, wa kofia ya baba, hawana mwanamke pale juu lakini wameahidi wanawake nusu ya Baraza la Mawaziri. Hukulia kwa ajili ya Wamae. Ulilia kwa ajili ya mwanamke mmoja wa Kirinyaga, wakili aliyewatetea wafungwa wa kisiasa enzi za Moi, aliyekuwa mbunge wa Gichugu tangu 1992, aliyejiuzulu uwaziri wa Haki mwaka 2009 wengine wakiwa wameng'ang'ania viti vyao, akagombea urais 2013 na asifikishe hata asilimia moja ya kura, tena Mlima Kenya, kwao kwenyewe, ukimpa mgongo. Mwanamke aliyefanya kazi nyumba nzima ikaona, na siku ya kugawa akaambiwa hakuna kipande chake.

Unaona ulipofika?

Ulipika chai ya wapimaji. Umenieleza kwa sentensi moja, na ndiyo sentensi pekee katika barua nzima ambayo hakuna mwanasiasa angeweza kukuandikia. Hukuniambia kama siku hiyo baba alikutazama. Hukuniambia kama uliwamiminia kaka zako pia. Nadhani uliwamiminia.

Kwa hiyo sababu yako unayo, na ndiyo hiyo hiyo inayokufanya uogope kwenda. Hofu ya kumwambia baba kwamba unampigia Raila si kubwa hivyo. Wangapi huko Kinangop watampigia kimyakimya na kofia ya njano vichwani? Hofu yako ni kwamba ukieleza kwa kweli, itabidi ueleze siku ambayo yeye ndiye aliyekuwa ameshika kamba.

Ushauri wangu ni umwambie. Lakini umwambie kama sababu, usimwambie kama dai. Tofauti yake ni hii. Dai ni, "Ulininyima shamba, basi nami nakunyima kura." Hapo utakuwa umemfanya mgombea kuwa fimbo ya kumpigia baba, na tarehe 9 Agosti, siku ya kura, ikipita mshindi awe nani, fimbo itabaki mkononi na kidonda kitabaki kwake. Sababu ni, "Baba, siku yule mama alipotajwa nililia, na sikujua kwa nini mpaka nilipokumbuka siku ya vigingi." Kisha unyamaze. Usitaje ekari. Usitaje karo ya mtu. Usimtaje kaka. Mwache akae na hilo neno. Huyu ni mzee aliyetazama mdahalo wa wagombea wenza mpaka mwisho akaenda kulala kimya, na mimi sijui aliwaza nini usiku ule, ila najua Karua hakuwa kwenye kofia yake na bado hakuzima televisheni.

Kabla hujasema lako, muulize lake. Na umsikilize kweli, usimsikilize kama mwalimu anayesahihisha. Anapokuambia deni ni deni, usimcheke kwamba siasa haina madeni. Mzee aliyeinua mkono mbele ya majirani mwaka 2013 akasema "kumi na kumi" anaona ni neno lake lililoshikwa rehani, si la Uhuru. Hiyo nayo ni sababu ya nafsi yake, kama yako. Na mkulima wa viazi anayenunua mbolea kwa 6,000, kisha dalali anakuja na gunia la mukorino, limevimba juu kama kilemba, anabeba karibu magunia mawili kwa bei ya moja, mtu huyo akisikia mgombea anasema nchi ijengwe kuanzia chini kwenda juu, anajisikia ametajwa jina. Wewe na baba mmelia kwa jambo moja, kila mmoja kwenye choo chake. Nisamehe kwa lugha hiyo, lakini ndivyo.

Kuhusu shamba lenyewe nitasema kidogo, kwa sababu utakutana na watu Nakuru watakaokuambia uende kortini kesho. Sheria ya Urithi, Sura ya 160, haitenganishi binti na mwana pale mzazi anapofariki bila wosia, na Mahakama ya Rufaa ilisimama hapo mwaka 2005 katika kesi ya familia ya Rono. Katiba ya 2010, kifungu cha 60, nayo inakataa mila za ardhi zinazobagua kwa jinsia. Lakini baba yako yu hai, Mungu ampe umri, na mali ya aliye hai bado haijawa urithi wa mtu. Anaweza kuitoa apendavyo, mradi mama yako aridhie kama mke, na kwa kuwa ni ardhi ya kilimo, Bodi ya Kudhibiti Ardhi itoe idhini. Vigingi vya mpimaji havihamishi shamba. Umesema hati ni moja, kwa jina lake, kwenye sanduku la mama. Basi kilichogawanywa 2019 ni maneno na vijiti. Yanaweza kubadilika mezani, na mwenye kuyabadilisha ni huyo anayekungoja, si Raila wala Ruto. Nimelisema hili kwa makusudi kwa sababu nawaona wengi wanaotwika wagombea mizigo ya nyumbani kwao. Karua akiingia, awe naibu wa rais na Waziri wa Haki kama walivyoahidi, hatakuja Kinangop kuhesabu vigingi. Kanuni kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili ya viti tunayo kwenye Katiba tangu 2010, Jaji Mkuu Maraga alimshauri Rais avunje Bunge mwaka 2020 kwa kuipuuza, na Bunge hilo limekaa mpaka leo linamaliza muda wake kwa raha. Mpigie unayemtaka kwa moyo mmoja, lakini usimngojee alete chai uliyopika wewe.

Je, uyaseme yote mawili safari hii, kura na shamba? Hapa nimegeuza mawazo mara mbili nikiandika. Kwanza nilitaka kukuambia shamba lingoje mpaka baada ya uchaguzi, watu wapoe. Sasa naona ukilikata utarudi kwenye zile sababu sita, na baba atajua kwamba umemletea redio. Sema hilo la vigingi mara moja, kama lilivyo, na mazungumzo ya hati yangoje Septemba. Akianza yeye, sawa. Asipoanza, usimsukume. Mama yako lakini mwambie kabla, kwa simu, ili asishtuke. Sahihi yake itahitajika siku moja, na nahisi kuna mengi ya siku ile ya wapimaji ambayo na yeye aliyaacha kando.

Kaka yako usimjibu tena kwa maandishi. Mpigie simu umuulize dawa za cucu zimefika au hazijafika, na uishie hapo. Kundi atakurudisha mwenyewe siku mchango utakapopungua.

Usikubali kukalishwa sebuleni watu wakiwa wamekuzunguka. Mwezi huu huko kwenu si ndiyo mnavuna? Atakuwa kwenye banda anatenga viazi vya Shangi, vya kuuza na vya mbegu. Mfuate huko asubuhi ya Jumapili kabla hajavaa koti la kanisani, geuza ndoo, ukae, uchague naye. Mikono ikiwa na kazi, hamtalazimika kutazamana.

Na ile fulana iache Nakuru. Si kwa ajili ya baba tu: wewe ni mtumishi wa umma, na sheria haitaki mtumishi wa umma aonekane kwenye kampeni. Kaka alikosea kukuanika, lakini angekuwa mwalimu mkuu aliyeiona picha ile, leo ungekuwa unaniandikia barua nyingine kabisa.

Somo